Mwili Mmoja, Watu Wawili: Kutunza Nafsi Yako Ndani ya Ndoa



Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumzia malaria, kichocho, lishe ya watoto na usafi wa maji. Leo tunaleta somo lisilo na chanjo wala dawa ya kunywa, lakini sisi wauguzi tunakutana nalo karibu kila siku, wodini na kliniki. Ni somo juu ya mume na mke: jinsi kila mmoja anavyoweza kubaki yeye mwenyewe baada ya kufunga ndoa.

Pengine wengine watauliza, jambo hili linahusianaje na afya? Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, inafundisha kwamba afya si kukosa ugonjwa tu. Ni kuwa mzima mwilini, akilini, na katika kuishi na wenzako. Mtu aliyesahau yeye ni nani hana afya hiyo, hata kama vipimo vyote vya maabara ni safi. Aidha, tutaona kwamba mtu wa namna hiyo huchelewa kutibiwa, na mara nyingine kuchelewa huko humgharimu uhai.

JINA LAKO NANI?

Muuguzi anapompokea mgonjwa, swali la kwanza ni jina. Akina mama wengi waliokwisha kuzaa hujibu, "Mama Neema" au "Mama Joni." Tukiuliza tena, tunaambiwa, "Mke wa Massawe." Mara ya tatu ndipo linapotoka jina la ubatizo, tena kwa sauti ya chini.

Hatusemi kwamba kuitwa Mama Neema ni vibaya. Kwetu hiyo ni heshima. Baba naye huitwa Baba Neema, na wote wawili hulifurahia jina hilo kwa sababu mtoto amewapa cheo. Lakini heshima hiyo huongezwa juu ya jina la mtu. Haikuja kulifuta.

Hospitalini jambo hili ni la hatari kuliko watu wanavyodhani. Katika wodi moja wanaweza kulala akina Mama Neema watatu. Mmoja ana damu ya kundi O, mwingine kundi B, na wa tatu hapatani na sindano ya penisilini. Ndiyo maana, kabla ya kumwongezea mgonjwa damu, wauguzi wawili hulinganisha jina lake kamili, namba ya faili lake na maandishi yaliyo kwenye mfuko wa damu. Jina likiwa na utata, kazi husimama, na mgonjwa anaendelea kusubiri.

Tatizo jingine ni majina mengi. Cheti cha ubatizo kina jina moja, cheti cha shule kina jina la ukoo wa baba, kadi ya kliniki ya wajawazito imeandikwa jina la ukoo wa mume, na kitambulisho cha taifa kina mpangilio mwingine. Siku ya kutafuta faili la zamani, au ya kuonyesha kadi ya bima, mama anakuwa kama watu watatu. Tunawashauri akina mama wachague jina moja kamili, walitumie kwenye karatasi zote za matibabu, na wawafundishe watoto wao jina hilo. Mtoto wa miaka saba ajue kwamba mama yake, mbali na kuwa "mama", anaitwa nani. Siku mama akianguka nyumbani, huenda mtoto huyo ndiye atakayeulizwa.

Wapo wanaodhani kwamba sheria inamlazimisha mke kuchukua jina la mumewe. Sivyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haina amri ya namna hiyo. Anayependa kutumia jina la mume na atumie, na anayebaki na jina la baba yake hajavunja ndoa. Rais wetu, Samia Suluhu Hassan, anatumia jina la baba yake, na mumewe, Bwana Hafidh Ameir, hajapungukiwa na kitu.

"MWILI MMOJA" MAANA YAKE NINI?

Sisi Wakristo tunafundishwa kwamba mume na mke ni mwili mmoja. Mafundisho hayo ni matakatifu, lakini wapo wanaoyaelewa vibaya. Wanafikiri kwamba kati ya wawili, mmoja anapaswa kutoweka ili abaki mwingine.

Tukumbuke yanayofanyika kabla ya ndoa yetu. Padre huwaita wachumba na kumhoji kila mmoja peke yake, ili ahakikishe kwamba anakuja kwa hiari yake. Siku ya harusi, kila mmoja hutamka ridhaa yake kwa kinywa chake na kwa jina lake. Baba hawezi kumsemea binti, wala mshenga hawezi kumsemea bwana arusi. Kanisa linafundisha kwamba ridhaa hiyo haiwezi kutolewa na mtu mwingine yeyote badala ya mhusika. Basi, ikiwa ndoa ilihitaji watu wawili ili ianze, inahitaji watu hao hao wawili ili iendelee.

Ndugu zetu wa Chekereni, Mabogini na Oria wataelewa jambo hili kwa mfano wa mpunga. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulikamilika mwaka 1987, na tangu hapo wakulima wamefundishwa kupandikiza kwa mistari na kuacha nafasi kati ya shina na shina. Chuo cha kilimo cha KATC, kilichopo hapo hapo Chekereni, kimefundisha hivyo kwa miaka mingi. Jaruba ni moja na maji ni yale yale, lakini kila shina lina mizizi yake. Miche ikibanana hugombania chakula na mavuno hupungua. Nafasi ile iliyoachwa si uadui kati ya mashina. Ndiyo inayoyawezesha kuzaa.

KILA MMOJA NA DAMU YAKE

Tuanze na mwili wenyewe, maana hapo ndipo makosa mengi hufanyika. Yako mambo matatu tunayapenda yaeleweke vizuri.

Kwanza, upimaji. Wapo akina baba wasemao, "Mke wangu amepimwa virusi vya UKIMWI kliniki na yuko salama, kwa hiyo na mimi niko salama." Huku ni kujidanganya. Hutokea mara nyingi mmoja akawa na virusi na mwenzake akawa hana, hata kama wameishi pamoja kwa miaka. Majibu ya mke ni ya damu ya mke. Mume ana mkono wake wa kutolea damu. Vilevile mke asiseme kwamba mume amepimwa kazini, basi inatosha. Nendeni wote wawili, kila mmoja apimwe, kisha mzungumze na mshauri mkiwa pamoja.

Pili, dawa. Baba anatumia vidonge vya presha. Mama anasikia kizunguzungu, anafungua mkebe wa baba na kumeza kimoja. Huenda mama ana upungufu wa damu na wala hana presha ya kupanda. Huenda ni mjamzito, na baadhi ya dawa za presha humdhuru mtoto aliye tumboni. Kitanda chaweza kuwa kimoja na sufuria moja, lakini dawa zina mwenyewe. Hali kadhalika, msigawane dozi ya vidonge vya kuua vijidudu, kila mmoja akanywa nusu. Kwa kufanya hivyo hakuna anayepona.

Tatu, kujua mwili wako. Mama ajue tarehe ya hedhi yake ya mwisho bila kumwuliza mtu. Ajue dalili za siku za rutuba, kama zinavyofundishwa katika semina za uzazi wa mpango kwa njia ya asili. Achunguze matiti yake, naye aende kupimwa saratani ya mlango wa kizazi. Baba ajue kiwango cha presha yake, na akianza kupata shida ya kukojoa asimfiche daktari. Yako mambo mwenzako hawezi kuyahisi kwa niaba yako, hata akikupenda namna gani.

"NGOJA NIMWULIZE BABA"

Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza sababu za vifo vya akina mama wajawazito kwa kutaja ucheleweshaji wa namna tatu. Wa kwanza ni kuchelewa kuamua kwenda hospitali. Wa pili ni kuchelewa kufika. Wa tatu ni kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Wa pili na wa tatu hutegemea barabara, usafiri, dawa na watumishi. Wa kwanza huanzia nyumbani, katika swali moja tu: nani aamue?

Tuchukue mfano. Mama mjamzito wa miezi minane yuko Chekereni. Mumewe anafanya kazi Dar es Salaam. Jioni mama anaanza kuumwa kichwa sana na kuona ukungu machoni, na uso umevimba. Anasema, "Ngoja nimwulize baba." Simu ya baba haipatikani. Mama mkwe anasema, "Ni uchovu tu, subiri kupambazuke." Usiku wa manane anapata degedege la kifafa cha mimba. Sasa ndipo inatafutwa gari.

Mama huyu hakukosa akili wala mume mwema. Alikosa jambo moja tu, yaani kujiona kuwa ni mtu anayeweza kusema, "Naumwa, nakwenda." Kwa miaka mingi kila uamuzi wake ulipita kwa mtu mwingine, mpaka hata maumivu yake yakawa yanasubiri ruhusa.

Ndugu wasomaji, kushauriana na mume au mke ni tabia njema na tunaihimiza. Lakini dalili za hatari hazisubiri ushauri. Mjamzito akitokwa na damu ukeni, akiumwa kichwa sana na kuona ukungu, akivimba uso, akipata degedege au homa kali, akitokwa na maji kabla ya wakati, au mtoto akipunguza kucheza tumboni, aende hospitali mara moja. Mume atajulishwa akiwa njiani. Yafaa wanandoa wakubaliane mapema, mimba inapofika miezi sita au saba: fedha za usafiri ziko wapi, dereva gani ataitwa, nani atabaki na watoto, na kwamba mama ana haki ya kuondoka bila kungoja simu. Mume anayesema maneno hayo mbele ya mama yake mzazi na wifi zake amemlinda mkewe kuliko anayemnunulia vitenge kumi.

Hospitalini pia, mgonjwa aliye mtu mzima na mwenye fahamu zake ndiye anayeelezwa ugonjwa wake na kukubali matibabu. Tunafurahi mume akiwepo. Lakini tukimwuliza mama, "Unaumwa wapi?" tungependa ajibu mama. Vivyo hivyo tukimwuliza baba. Wapo akina baba ambao hukaa kimya kabisa, na mke ndiye anayeeleza tangu lini baba hapati usingizi.

KAZI YAKO NI NINI?

Katika kitabu cha kuandikisha wagonjwa ipo sehemu ya kazi. Mama ambaye ameamka alfajiri akachota maji, akakata majani ya ng'ombe, akapandikiza mpunga hadi saa nane mchana, kisha akapika na kufua, anatujibu, "Sina kazi, niko nyumbani tu."

Maneno hayo yanaumiza kuliko yanavyosikika. Mtu akiyarudia kwa miaka ishirini huyaamini. Hujiona mzigo, na mzigo hauthubutu kuomba nauli ya kwenda hospitali. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika kupatikana kwa mali ya familia. Ikiwa mahakama imeziita kazi hizo mchango, sisi majumbani tuziitaje? Akina mama, mkiulizwa, semeni: "Mimi ni mkulima," "Ni mfugaji," "Ninalea familia." Akina baba, msiwatambulishe wake zenu kwa kusema, "Huyu hafanyi kazi."

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema pia kwamba mwanamke aliyeolewa anaweza kuwa na mali yake kama mwanamume, na kwamba kufunga ndoa peke yake hakuhamishi mali ya mmoja kwenda kwa mwingine. Nyumba ya familia nayo haiuzwi na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Tunayataja haya kwa kuwa wasiwasi wa mali huleta magonjwa. Tumeuguza wajane waliopandwa na presha wiki ile ile ya matanga, baada ya kuambiwa kwamba kihamba walichokipalilia miaka thelathini si chao, na hawana hata karatasi moja yenye majina yao.

DALILI ZA MTU ANAYEJIPOTEZA

Kujipoteza hakutokei siku moja. Huja polepole, na mara nyingi mwili ndio unaosema kwanza. Tunawaona watu wenye dalili hizi:

1. Kuumwa kichwa, tumbo, mgongo au moyo kwenda mbio kwa muda mrefu, huku vipimo havionyeshi ugonjwa.

2. Kukosa usingizi, au kulala mno na kuamka mchovu.

3. Kushindwa kujibu maswali madogo, kama, "Wewe unapenda chakula gani?" Anajibu, "Baba anapenda mtori." Tulimwuliza yeye, si baba.

4. Kuacha mambo yote aliyoyapenda: kwaya, kushona, kusoma, kutembelea ndugu, hata kucheka.

5. Kuomba radhi kwa kila jambo, au kukasirikia watoto bila sababu.

6. Kujiona hana thamani, kulia mara kwa mara, au kusema ingekuwa afadhali asingekuwepo.

Dalili hizi zikidumu zaidi ya wiki mbili, huenda ni sonona. Huo ni ugonjwa kama magonjwa mengine, nao hutibika. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Aliye na dalili ya sita asiachwe peke yake, na aletwe hospitali siku hiyo hiyo. Tusimwambie kwamba amekosa imani.

Wakati mmoja wa kuangalia sana ni baada ya kujifungua. Mila yetu ya Kilimanjaro ya kumtunza mzazi ndani kwa miezi mitatu hivi, akipewa mtori, maziwa na supu, ni mila njema, na wengi wangetamani kuwa nayo. Lakini tambarare kama Chekereni wanaishi Wachaga, Wapare, Wakahe na makabila mengine, na vijana wanaoana. Binti wa Kipare aliyejifungua katika nyumba ya wakwe wa Kichaga anatunzwa vizuri, ila huenda hakuna anayemwita kwa jina, hakuna anayezungumza lugha yake, na hakuna aliyemwuliza kama anaupenda mtori. Wote wanamtazama mtoto. Mama mkwe mwenye hekima humruhusu mama mzazi wa binti naye aje, humwachia binti apike makande ya kwao siku anayoweza, na humwuliza, "Mwanangu, wewe mwenyewe unajisikiaje leo?"

NA AKINA BABA JE?

Tusidhani somo hili ni la akina mama peke yao. Mwanamume naye hupotea ndani ya ndoa, ila kwa njia nyingine. Wengi wamefundishwa tangu utotoni kwamba thamani yao ni fedha wanazoleta. Siku maji ya mto Rau yanapopungua na mpunga ukashindwa, au siku anapostaafu, au mke anapoanza kupata kipato kikubwa kuliko yeye, baba hajui tena yeye ni nani. Hasemi, maana alifundishwa kwamba mwanamume halalamiki. Anaanza kushinda kilabuni kwenye mbege au pombe kali.

Kukaa kilabuni hadi usiku si kutunza nafsi yako. Ni kuikimbia. Baba anayetunza nafsi yake ana marafiki anaoweza kuwaeleza ukweli, ana kazi ya mikono anayoipenda hata kama haileti fedha, anawajua watoto wake kwa maongezi na si kwa ada tu, na akiumwa anakuja hospitali kabla hajabebwa. Akina mama wawasaidie waume zao kwa kutowapima kwa mfuko peke yake.

TUFANYE NINI?

Hakuna haja ya kubomoa nyumba. Mambo madogo yakifanywa kila wiki yanatosha.

1. Itaneni kwa majina. Mbele ya watoto mwitane Baba Neema na Mama Neema kama kawaida. Lakini mkiwa wawili, litumieni jina lile mlilofahamiana nalo uchumba.

2. Kila mmoja awe na cheti, kadi na vipimo vyake, mahali panapojulikana na wote.

3. Kila mmoja awe na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake, na fedha kidogo za kutumia bila kutoa maelezo ya kila shilingi. Vikundi vya VICOBA na SACCOS vimewasaidia wengi. Akiba ya mama isiandikwe jina la baba kwa sababu tu baba ndiye aliyekwenda kujiandikisha.

4. Msikate undugu. Mke asizuiwe kwenda kuwaona wazazi wake, wala mume asione aibu kukaa na mama mkwe wake.

5. Kila mmoja awe na jambo moja analolipenda: kwaya, mpira, bustani ya maua, kusoma. Mwenzake abaki na watoto kwa saa hizo mbili, bila kununa.

6. Jifunzeni kusema, "Mimi naona hivi," na, "Mimi nimeumia." Mwenzako si mganga wa ramli hata ajue yaliyomo moyoni mwako.

7. Kila mmoja awe na dakika zake za ukimya na sala, mbali na sala ya familia.

TAHADHARI

Kuwa na nafsi yako si kuwa mbinafsi. Anayesema, "Mimi ni mimi," kisha akaacha watoto bila chakula, hakuelewa somo hili. Wala si kuwa na siri. Mke akiwa na akiba, mume ajue ipo. Mume akiwa na marafiki, mke awafahamu. Tofauti ni hii: siri humficha mwenzako jambo linalomhusu, lakini faragha humwachia mtu nafasi ya kupumua.

Aidha, iko hali ambayo dakika za ukimya hazitaiponya. Ikiwa mwenzako anakupiga, anakufungia ndani, anakunyang'anya simu, anakukataza kuonana na ndugu zako au kukuzuia usitibiwe, huo ni ukatili. Sheria ya Ndoa inakataza mume au mke kumpiga mwenzake. Usivumilie peke yako kwa kuogopa aibu. Njoo hospitali utibiwe, mwambie mtu unayemwamini, na nenda kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Uvumilivu wa ndoa haukuwekwa ili mtu auawe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Je, watoto wetu wanajua majina kamili ya baba na mama zao?

2. Katika nyumba zetu, mama akiumwa usiku na baba hayupo, nani anaamua aende hospitali? Tumekubaliana mapema?

3. Ni lini mara ya mwisho ulipomwuliza mume wako au mke wako, "Wewe unapenda nini?" Alijibu nini?

4. Jumuiya yetu inawezaje kumsaidia mke mgeni, aliyeolewa kutoka kabila au parokia nyingine, ajulikane kwa jina lake?

5. Mwanamume aliyepoteza kazi au kustaafu anapata wapi watu wa kuzungumza nao, mbali na kilabuni?

Tunawaomba mume na mke msome somo hili pamoja, kisha kila mmoja ajibu swali la tatu kwa niaba yake mwenyewe, bila kusaidiwa. Tunawatakia afya njema ya mwili na roho. Mungu awabariki.